Barua ya Sifa Kutoka kwa Marehemu

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi ya beignets kabla hujalimaliza, nakuhurumia, lakini sirudii yote. Jua haya tu. Tuko Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 2001, na vita vimekaa kwetu hadi vimepata jamaa. Emérence Kavuo, mjane wa dereva, anafanya kazi katika Agence Tufike, kampuni ya malori ya Patron Zorobabel. Kazi yake ni kuchunguza maisha ya kila mtu anayeomba usukani wa lori. Asubuhi hii amefungua dossier, yaani faili, ya tano, na ndani amekuta barua ya sifa kutoka kwa bosi wa zamani wa mwombaji, mtu wa Oicha. Saini iliyo chini ya barua ni ya Zacharie Kakule, mumewe, aliyezikwa miaka miwili iliyopita.

Tulimwacha ameishika barua kwa mikono miwili.

Tuwe wakweli: kwa marehemu, aliandika vizuri. Tarehe ilikuwa ya Jumatatu iliyopita. Herufi Z ilikatwa katikati. Chini ya jina palikuwa na mistari miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Emérence mwenyewe ndiye aliyemfundisha Zacharie saini hiyo, wiki moja kabla ya harusi, asije akamwaibisha mbele ya padri. Mistari aliiongeza Zacharie. Mrefu ni barabara, alisema, na mfupi ni dereva.

Mwanamke mwingine angepiga kelele. Emérence alipiga phonie.

Usimcheke. Kazi ni kazi, na Agence Tufike ilikuwa na utaratibu wake: kila barua ya sifa lazima ithibitishwe Beni, kwa Mama Rachida, mwenye malori manne na mwenye kumjua kila mtu aliyewahi kugusa usukani kutoka Kasindi mpaka Mambasa. Kichwa cha Emérence kilikuwa kimesimama, kwa hiyo mikono ikafuata utaratibu. Phonie yenyewe, redio ya mawasiliano, ilikaa chini ya dirisha, imefungwa kwenye betri kuukuu ya lori kwa vibanio viwili.

"Beni, Beni, hapa Butembo, Tufike. Mama Rachida, unanisikia? À toi."

"Nakusikia cinq sur cinq, mama! Salama?"

"Salama. Natafuta transporteur moja wa Oicha, mwenye malori. Jina, Zacharie Kakule. Unamujua? À toi."

"Ku Oicha? Hapana. Mais nipe saa moja, niulize bachauffeur bangu bote. Kama iko mu hii dunia, tutamupata. À toi."

Kwa asiyeijua phonie, ni chombo cha kunong'onezana siri mbele ya watu wote wa barabara. Ukibana bouton ya micro, kitufe cha kipaza sauti, na kusema Butembo, unasikika Beni, Oicha na Kasugho, na hakuna mwenye kukukatiza mpaka useme "À toi", zamu yako, na kuachia. Emérence aliyajua hayo. Asubuhi hiyo aliyasahau.

Mwombaji namba tano alikuwa kwenye benchi, kofia magotini, mpole, na dossier yake haikuwa na doa. Casier judiciaire, cheti cha makosa ya jinai, ilikuwa na mihuri mitatu, ya serikali tatu zilizotawala Butembo katika miaka mitatu, na kila moja ilithibitisha kwamba haijawahi kumfunga, jambo ambalo wakati ule lilikuwa sifa ya pekee. Cheti cha macho kilisema anaona mbali. Kilitiwa saini na daktari wa mifugo.

Emérence alimwita ndani, akafunga mlango.

"Papa Jéthro, sikia muzuri. Uko na Benz, tani kumi, na batu makumi tatu juu ya mizigo. Uko mu mushuko, matope tupu, na breki inakataa. Unafanya nini?"

"Nasali."

"Mbele ya kusali?"

Jéthro akafikiri. "Nafunga macho."

"Na gia? Unaweka gia gani?"

"Ile ya nyuma, mama."

Emérence alishawahi kusikia majibu mabaya kwenye chumba kile. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuwaua abiria thelathini kwa adabu namna hiyo. Akamwangalia mikono. Haikuwa na mafuta wala kovu, ila chaki nyeupe chini ya kucha.

"Wewe hapana chauffeur."

"Hapana, mama. Miye ni mwalimu wa primaire, ku Mabalako. Nafundishaka batoto ba deuxième."

"Na hii permis ya kuendesha?"

"Banaiuzishaka ku soko, pembeni ya sabuni."

"Sasa ju ya nini unakuja kuomba kazi ya kuua batu?"

Mwalimu akatazama mlango, kisha akashusha sauti. "Nilitumwa. Alisema barua zote za agence, Patron njo anafunguaka. Mais dossier za bachauffeur, Mama Emérence anafungua yeye peke yake. Akasema, kama ninataka kukufikia, lazima niombe kazi."

"Nani alisema?"

"Mama, si umeona saini?"

Emérence alikaa, tena kwa bahati kiti kilikuwepo. Miaka miwili alikuwa amevaa nyeusi. Alilia mpaka majirani wakaanza kupita njia nyingine. Mwili haukupatikana, kwa hiyo walizika koti. Patron Zorobabel alilibeba jeneza la koti lile begani mwake, akatoa hotuba ndefu kaburini kuhusu watu wasiojulikana waliolinyang'anya lori lake kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, karibu na Mangina na kumuua dereva wake. Siku zile watu wasiojulikana walifanya kazi nyingi sana. Kisha, kwa huruma yake, akampa mjane kazi ya kuchunguza madereva.

"Iko muzima?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Iko muzima. Anakulaka mingi."

Basi hapo Emérence akacheka, akalia, na akatamani Zacharie angekuwa karibu ili ampige kofi. Vyote vitatu kwa pamoja, na kwa haki. Alimpenda mtu yule. Alikuwa amemzikia koti lake zuri.

"Miaka mbili!" akasema. "Miaka mbili ananiacha nalia, yeye anakula?"

"Mama, angerudi bangemumaliza. Sikia. Siku ile ku barrière, commandant alikuwa na karatasi mu mukono. Plaque ya camion, ni kusema namba ya lori, jina ya chauffeur, saa atapita. Karatasi ilitoka hapa, mu hii bureau, na cachet ya hapa, ile iko na njiwa. Patron wako njo alipatana na ule commandant. Camion na mizigo ya bacommerçant bote ilienda, kiisha akabaambia banyang'anyi bamebeba. Na chauffeur alipashwa kufa, juu asikuje kusema. Mupishi wa basoda aliona ile karatasi, akamuonya. Akaruka mu shamba ya kahawa, akakimbia."

Emérence akaangalia mezani. Cachet, muhuri wa Agence Tufike, ilikuwa pale karibu na wino, na njiwa wake amebeba jani mdomoni. Aliigonga kila siku. Aliwahi hata kuisifu.

"Soma barua mpaka mwisho," mwalimu akasema. "Aliniambia utaelewa."

Akasoma. Kwa sehemu kubwa ilikuwa barua ya sifa kama zote, iliyojaa uongo wa kawaida: hanywi, haibi, hapandishi abiria wa njiani. Lakini mstari wa mwisho ulisema: *Na ile paa ya jikoni, upande wa kuume, nashuhudia kwamba ataifunga.* Ilikuwa ahadi ya Zacharie ya Jumapili ile ya mwisho. Paa bado lilikuwa linavuja. Emérence aliweka sufuria pale kila mvua iliponyesha, na hakuwahi kumwita fundi.

"Anataka nifanye nini?"

"Camion ya Beni inatoka leo saa sita. Panda, kama vile unaenda kuchunguza bachauffeur. Hapana mutu atakuuliza. Ku Beni nitakufikisha kwake. Mais Patron asisikie kitu. Akisikia tu kama Zacharie iko muzima, atatuma batu kabla tufike."

Ndipo Emérence alipogeuka polepole na kuitazama phonie.

"Eh, Nyamuhanga," akamwita Mungu.

"Nini, mama?"

"Nimemutafuta ku phonie."

"Na jina yake?"

"Na jina yake."

"Jina yote mbili?"

"Yote mbili. Na Rachida amesema atamupata."

Mwalimu Jéthro akafanya kile alichosema angefanya kwenye mteremko. Alifunga macho.

Ilikuwa saa tano na nusu. Emérence aliruka, akashika micro, akabana bouton. Hakupata nafasi. Hewani alikuwepo mfanyabiashara wa Kasugho, mmoja wa wale ambao chumvi yao ilipotea na lori la Zacharie, na alikuwa anamweleza ndugu yake wa Butembo ugonjwa wa ng'ombe wake, tangu dalili ya kwanza. Alieleza tumbo. Alieleza macho. Alihamia mkia. Alipopumua, Emérence akajipenyeza.

"Urgence! Dharura! Acheni njia, natafuta Beni!"

"Hata hii ng'ombe ni urgence, mama," sauti ikajibu. "Wewe njo ule unatafuta Zacharie Kakule? Tumekusikia. Hapa Kasugho haiko. Donc, nilikuwa ku mukia."

Na akaendelea na mkia.

Mlango ukafunguka bila kubishwa. Patron Zorobabel aliingia tumbo kwanza, halafu rozari shingoni, halafu yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa ibada nyingi na makamanda wengi, na kutoka kwa makamanda alijifunza Lingala ya maneno mawili, ya kusema hakuna shida, ambayo aliyatumia kwa kila shida ya watu wengine.

"Likambo te," akasema, kabla ya mtu yeyote kumwambia tatizo. "Mama Emérence, chauffeur wa Beni amegonjwa. Camion iko tayari, batu bameshapanda. Huyu wa ku benchi iko namna gani?"

"Nimemukataa, Patron. Hajui kuendesha."

"Siku hizi kila mutu anajua kuendesha. Barabara yenyewe njo inamufundisha." Akanyoosha mkono. "Leta dossier."

Barua ilikuwa imelala wazi mezani. Emérence aliweka kiwiko juu yake kama mtu aliyechoka, akasukuma dossier kwa mkono wa pili. Patron Zorobabel, ambaye tangu ampe Emérence kazi hakusoma dossier yoyote, ila barua za wenzake tu, leo alichagua kusoma. Alipindua casier. Alipindua cheti cha daktari wa mifugo na kukisifu.

"Na attestation, barua ya patron wa zamani, iko wapi?"

"Haiko. Njo maana nimemukataa."

Patron akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Unafanya kazi muzuri, mama. Tangu Zacharie alitutoka, Mungu amulaze..." Akafanya ishara ya msalaba, taratibu, kama mtu asiye na haraka na Mungu. "Hii kazi nilikupa ju yake. Asikufe tena chauffeur bure."

"Merci, Patron," Emérence akasema, bila kuinua kiwiko.

Patron akafunga dossier. Akageuka aondoke. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mlango, na Emérence alikuwa anahesabu hatua zake.

Ng'ombe wa Kasugho akamaliza kuumwa.

"Butembo, Butembo, hapa Beni!" Sauti ya Mama Rachida ilijaza chumba, yenye furaha isiyo na breki. "Mama Emérence! Tumemupata Zacharie wako!"

Mkono wa Patron ukabaki mlangoni.

"Zacharie gani?"

"Moja wa Oicha," Emérence akasema haraka. "Zacharie Kakule, transporteur. Patron, bakakule ni bengi."

Na ni kweli. Kakule ni jina la mtoto wa kiume wa nne, na katika nyumba za Wanande hatujawahi kuishiwa watoto wa nne. Patron mwenyewe alikuwa na Kakule watatu kwenye malori yake. Akaguna. Akakubali. Bega lake likalegea, na Emérence akavuta pumzi yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Mais hapana transporteur hata kidogo!" Rachida akaendelea, kwa kuwa alikuwa amebana bouton na hakuna wa kumkatiza. "Ni ule chauffeur wa Zorobabel! Ule bwana yako, mama, ule mulizika koti yake! Chauffeur wangu amekula naye juzi. Iko muzima, Allah ni mukubwa! Usilie tena. Chukua kalamu, andika fasi anaishi, iko ku..."

Mkono wa Emérence ulifika kwenye betri kabla ya akili yake. Alivuta kibanio, na phonie ikafa.

Patron Zorobabel alikitazama kibanio kilichokuwa mkononi mwa Emérence. Akaitazama nguo yake nyeusi. Akamtazama mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa bado yamefungwa. Kisha akarudisha mlango mahali pake, akausindika kwa mgongo.

"Mama Emérence," akasema, kwa upole kabisa. "Nimechunguzaka bachauffeur miaka makumi mbili mbele yako. Nimeona mingi. Mais mujane banamuambia bwana yake iko muzima, na yeye anazima phonie, huyu sijamuona hata siku moja."

Emérence alirudisha kiwiko juu ya barua.

"Inua kiwiko."

Hakuinua. Patron akaja, akauinua mwenyewe kwa vidole viwili, akaichukua barua. Aliisoma mpaka kwenye paa la jikoni. Ile "Mungu amulaze" yake ikabaki nusu mdomoni.

"Likambo te," akasema hatimaye, lakini safari hii ilikuwa kwa ajili ya shida yake mwenyewe. Akakitoa kibanio mkononi mwa Emérence, akakirudisha kwenye betri. Taa nyekundu ya phonie ikawaka. Akampa micro. "Umuulize Rachida ile fasi. Sema muzuri, sema na furaha, kama mujane. Nitatuma batu bamulete bwana yako, salama salimini."

Nje, lori la Beni lilipiga honi. Abiria waliokuwa juu ya mizigo walianza kuulizana kwa sauti dereva yuko wapi.

Emérence aliishika micro. Aliiona njia ya Zacharie ikifungwa kwa ulimi wake mwenyewe, mara ya pili kwa siku moja. Akafikiria koti kaburini. Akafikiria hotuba ile ndefu, na jinsi yeye, mjinga, alivyoishukuru. Hasira ilimpanda, hasira safi, na ilipofika kichwani ilikuta kichwa kimeanza kufanya kazi tena.

Akabana bouton.

"Beni, Beni, hapa Butembo, Tufike," akasema, kwa sauti ya furaha aliyoagizwa. "Mama Rachida, wasingya, asante, umenisaidia. Usiseme tena ile fasi. Nasema usiseme. Ninyi bote muko mu barabara, Oicha, Kasugho, bacommerçant bote mulipoteza mizigo mu camion ya Zacharie, musitoke ku phonie."

Patron alinyoosha mkono. Emérence akarudi nyuma hatua moja, waya ukamfuata, na kidole chake hakikuachia. Mwalimu Jéthro akafumbua macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alifanya jambo la kidereva: alisimama katikati ya njia, akakataa kupisha.

"Patron Zorobabel iko hapa pembeni yangu," Emérence akaendelea. "Zacharie anasema commandant wa barrière alikuwa na karatasi yenye jina yake, plaque yake na saa yake ya kupita. Na chini ya ile karatasi, cachet ya njiwa, ya hii bureau. Miye kazi yangu ni kuchunguza. Donc nauliza Patron, ninyi bote mukisikiaka: ile cachet, nani aliigonga?"

Akaunyoosha mkono juu ya bega la mwalimu, akaisogeza micro mpaka ikagusa midomo ya Patron Zorobabel, kidole kikiwa bado kimebana.

"À vous, Patron."

Midomo ya Patron ilifunguka. Barabara nzima ilikuwa inasikiliza, hata mwenye ng'ombe.